Mcheza Kwao Hakutunzwa

Nina ugomvi na kadi. Sizungumzii karata, wala kadi za harusi, wala ile ya benki inayogoma ikifika tarehe ishirini. Nasemea vile vikadi vya picha, vidogo kuliko kiganja, ambavyo kampuni za sigara na baadaye za majani ya chai zilikuwa zikivitia ndani ya pakiti ili mnunuzi arudi tena kesho. Watoto wa zamani walivikusanya, wakabadilishana, wakagombana. Siku hizi ni watu wazima wenye pesa wanaovigombania kwenye minada. Utaniambia hayo ni mambo ya kitoto na nchi ina shida kubwa zaidi. Sawa. Lakini mimi naviona kama daftari la mashujaa: aliyechapwa yumo, asiyechapwa hayumo. Na nikilifungua daftari hilo kutafuta watu wa kwetu, nakuta tembo.

Hoja yangu ni moja, na wacha niiseme mapema. Kenya ilizaa dereva wa mbio za magari aliyeheshimiwa duniani kote, akazaliwa kule kule majani ya chai yanakochumwa, akashinda mbio zilizohesabiwa kuwa ngumu kuliko zote, akashinda mara tatu. Hatujamweka mahali popote ambapo mtoto anaweza kumshika mkononi. Walioanza kutunyima picha walikuwa wakoloni na wafanyabiashara wao. Wanaoendelea kutunyima ni sisi wenyewe.

Jina lake ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013.

Kabla ya yeye, tuelewane kuhusu kadi. Zilianza Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Pakiti za sigara zilikuwa za karatasi laini, sigara zikivunjika mfukoni, basi kampuni zikaweka kipande cha karatasi ngumu ili pakiti isibonyee. Mtu mwenye akili ya biashara akaona ni upuuzi kuacha kipande kile kitupu, akakitia picha. Mwingine akazipa picha namba, ili ukipata ya 7 roho ikutume kutafuta ya 8. Mtego wenyewe ulikuwa hapo. Uingereza iliupenda mtego huo kupita kiasi. Mwaka wa 1931 kampuni ya Ogden's ilitoa kadi 50 za mbio za magari za mwaka huo. John Player ikatoa kadi 50 za motokaa mwaka wa 1936, na nyingine 50 mwaka wa 1937. Mwaka wa 1939 Churchman ikaja na 50 za watu iliowaita wafalme wa kasi. Kisha vita vikaingia, karatasi ikaadimika, na kufikia 1940 kadi za sigara zikakoma.

Zilirudi kwa mlango wa jikoni. Kuanzia 1954 Brooke Bond ilitia kadi za picha ndani ya pakiti zake za chai huko Uingereza, na haikuacha hadi 1999. Ndege, maua, safari za anga za juu, wanyama, meli, ndege za abiria. Mtoto alinunua kitabu cha kuzibandika, akamhimiza mama yake anywe chai zaidi. Nyuma ya kila kadi kulikuwa na maneno machache ya kueleza picha. Usiyadharau maneno hayo. Kuna watu wazima leo ambao kitabu cha kwanza walichokimaliza ni kile walichokibandika wenyewe, kadi kwa kadi.

Sasa njoo Kericho. Brooke Bond ililima chai huko tangu miaka ya 1920, katika nchi ya Wakipsigis. Ardhi ile haikuwa tupu ikisubiri mche wa chai. Watu waliondolewa, na ukoo wa Watalai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka wa 1934. Madai yao ya haki bado yanazunguka mahakamani na katika ofisi za Umoja wa Mataifa hadi leo. Kwa hivyo nikisema chai ya Kericho, sisemi mandhari ya kijani ya kalenda ya ukutani. Nasema jasho, na ardhi yenye kesi.

Chai hiyo ilisafiri, ikachanganywa na ya kwingineko, ikaingia ndani ya pakiti. Na pamoja na chai, mwaka wa 1961, mtoto wa Uingereza alipata kadi 50 za wanyamapori wa Afrika. Mwaka wa 1968 akapata kadi 50 za historia ya motokaa. Tazama miaka hiyo miwili. Katikati yake, Aprili 1965, mtoto wa Kericho alikuwa ameshinda mbio za East African Safari. Afrika iliingia ndani ya pakiti ikiwa na pembe na mkia. Motokaa iliingia ikiwa mali ya Wazungu tangu enzi za mvuke. Lakini Mwafrika Mashariki aliyeketi ndani ya motokaa, akaishika usukani kuliko wao, hakuwa na mfululizo wa kuingia. Ungemtia wapi? Kwa wanyama hafai. Kwa magari, mfululizo ule ulikuwa wa mashine, haukuwa wa watu.

Na hebu tusidanganyane kuhusu mbio zenyewe. Safari ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Jomo Kenyatta alihukumiwa kule Kapenguria mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Mwezi uliofuata, nchi ikiwa chini ya sheria ya hali ya hatari na maelfu wakiwa vizuizini, magari yaliondoka kwenda kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya taji. Anayesema Safari ilikuwa sherehe ya walowezi hajakosea. Ndivyo ilivyoanza.

Lakini mchezo una tabia ya kuwaponyoka wenyewe. Njia za Safari hazikuwa uwanja uliofungwa. Zilikuwa barabara zetu hizi hizi, zenye ng'ombe na matatu, zenye vumbi linaloingia hadi kooni, na ule udongo mweusi ambao mvua ya Pasaka ikiunyeshea haujui huyu ni bwana au ni mtumwa. Kilomita elfu kadhaa, usiku na mchana, siku zinazofuatana. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, watu wa hapa hapa, kwa Peugeot 404. Timu kubwa za Ulaya zilikuja na mafundi, vipuri na magazeti yao, zikazama tope kama kawaida. Kwa miaka mingi madereva nyota wa Ulaya hawakupata dawa ya Safari. Aliyeijua njia ni mwenye njia.

Joginder aliijua kutoka chini ya gari. Alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Mwaka wa 1958 aliajiriwa na chama cha magari cha Afrika Mashariki kuwa askari wake wa kwanza wa doria: yule mtu unayemsubiri gari likikufia njiani. Mwaka huo huo akaanza kushindana. Fikiria hiyo ni shule ya namna gani. Mwenzako anajifunza mbio kwenye lami ya Monza. Wewe unajifunza kwa kulala chali kando ya barabara, mafuta yanakudondokea usoni, ukisikiliza injini ya mtu mwingine inalalamikia nini.

Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant, aliyekuwa mwelekezi wake, waliingia Safari na Volvo PV544. Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa mkweche uliokwisha kutumika mbioni, wao wakalifungua na kulifunga upya. Walipewa namba 1, maana yake watangulie mbele ya wote, wafungue njia, wao ndio wajue kwanza kama daraja bado lipo. Walirudi wakiwa wa kwanza vilevile, wamemwacha wa pili kwa zaidi ya saa nzima. Nchi ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi minne.

Akashinda tena 1974, na tena 1976, mara zote mbili na David Doig katika Mitsubishi Colt Lancer. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Hiyo 19 ndiyo inayonishangaza kuliko zile tatu za ushindi. Katika mbio ambazo kumaliza tu kulikuwa muujiza, huyu bwana alirudi nyumbani mara 19. Hata mwaka ule wa 1968 waliporudi saba peke yao, yeye alikuwa mmoja wao.

Ulimwengu ulimpa jina la Singasinga Arukaye. Hapa nyumbani tukamwita Kalasinga, kama tunavyomwita kila mwenye kilemba, fundi au daktari, tajiri au asiye na kitu.

Nenda sasa kwenye kumbukumbu tulizochapa wenyewe. Mwaka ule ule wa 1965 posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania ilitoa stempu za mashindano ya 13 ya Safari. Zina nembo ya mashindano na magari yakiwa njiani. Zilichapwa kabla ya mshindi kujulikana, hapo sina neno. Lakini mwaka wa 1977, Safari ilipotimiza mashindano 25 na Joginder akiwa ameshinda yote matatu, zikatoka stempu nyingine. Moja ina gari na wanakijiji. Moja ina Rais Kenyatta akianzisha mbio. Moja ina gari linavuka mto. Na ile ya bei kubwa, ya shilingi tano, ina gari na nini? Na tembo! Sina chuki na tembo, jamani. Lakini tembo hajawahi kushinda Safari hata mara moja.

Ndiyo maana nasema lawama haziishii London. Brooke Bond ilikuwa inauza chai. Haikuwa na deni la kutuandikia historia. Sisi tulikuwa na kiwanda cha chapa, na posta, na bendera, tukachapa gari lisilo na dereva.

Sasa nisikilize wanaonipinga, maana nawajua.

Wa kwanza anasema kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku: lakini huyo si Mhindi? Huyu mimi sitamjibu kwa sauti ya chini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Singasinga walipewa spana, wakaichukua, wakafunga reli, mashine za kusaga na magari ya nchi nzima. Na bado kila baada ya miaka michache tunawauliza wanaenda lini. Mwaka wa 1967 bunge letu lilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana Waasia wasio na uraia, na mwaka uliofuata viwanja vya ndege vikajaa masanduku huku Uingereza nayo ikiwafungia mlango. Ilitubidi kungoja 2017 serikali iwatambue kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Joginder alikuwa amekufa miaka minne. Alizaliwa Kericho kabla ya wengi waliomwita mgeni hawajazaliwa popote.

Linganisha na Balcarce. Ni mji wa Argentina unaojulikana kwa viazi kama Kericho inavyojulikana kwa chai. Alizaliwa hapo mwaka wa 1911 Juan Manuel Fangio, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia, fundi wa gereji tangu udogo wake. Alikuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mara tano: 1951, 1954, 1955, 1956 na 1957. Alianza mbio 51 za ubingwa huo, akashinda 24. Kuna Mwargentina anayeuliza, lakini huyo si Mwitalia? Mji wake ulimjengea makumbusho, yakafunguliwa 1986, yeye mwenyewe akiwa hai kuyaona. Magari yake yamo, vikombe vyake vimo. Mtoto wa mkulima wa viazi anaingia, anatoka akijua kwamba fundi wa kwao aliwahi kuwashinda wote. Wawili hawa, Fangio na Joginder, walikuwa watu wa aina moja: watoto wa wahamiaji, mikono yenye grisi, hawakuua gari bila sababu. Tofauti yao ni miji waliyozaliwa imefanya nini baadaye.

Wa pili anasema mbio za magari ni mchezo wa matajiri. Kuendesha, ndiyo. Gari na petroli havijawahi kuwa vya bure. Lakini Safari yenyewe ilipita mlangoni pa kila mtu. Wangapi waliamka usiku wa Pasaka wakajifunga blanketi wakasimama kando ya barabara kungoja taa? Nani alilisukuma gari kutoka matopeni, magoti ndani ya udongo, akalipwa vumbi la kwaheri? Vijana wetu walitengeneza magari ya waya, wakayawekea usukani mrefu na magurudumu ya makopo, wakakimbia nayo kando ya mahindi wakiiga sauti ya injini. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na dereva waliyetaka kuwa yeye, ila hawakuwa na picha yake.

Wa tatu anacheka: kadi za nini siku hizi, kila kitu kiko kwenye simu. Basi fanya jaribio. Nimelifanya mimi na wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Kila mmoja alijua Messi alianza wapi na Ronaldo amechezea klabu ngapi, pamoja na miaka. Nikataja Joginder Singh. Kimya. Simu wanazo, na habari zimo ndani ya simu. Lakini simu hukupa unachokiuliza, na mtoto hawezi kuuliza jina ambalo hajawahi kulisikia. Kadi inafanya kinyume. Inakuangukia mkononi hujaiomba. Ulikuwa unatafuta namba 8, umepata namba 31, unageuza nyuma kwa hasira, unasoma, na sasa unamjua mtu.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito, nami nampa heshima yake. Anasema kadi zilikuwa mtego wa kuuzia watu sigara, na baadaye kuwafundisha watoto kudai bidhaa. Kweli tupu. Na soko la leo la wakusanyaji limeongeza wazimu wake. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyotoka na sigara kati ya 1909 na 1911, iliuzwa mwaka wa 2022 kwa dola milioni 7.25. Kadi za thamani hupelekwa kwa wakaguzi, zikapewa alama kutoka 1 hadi 10, zikafungiwa ndani ya plastiki ngumu, zisiguswe tena na mkono wa mtoto. Kitu kilichotengenezwa kiguswe kimekuwa hisa za benki. Huo sio mfano ninaoutaka.

Lakini angalia bei inatoka wapi. Wakusanyaji watakwambia mambo matatu: uchache wa kadi, hali yake, na jina lililo juu yake. Mawili ya kwanza ni karatasi tu. Ningeweza kujichapisha mimi mwenyewe leo, nakala moja tu, isiyo na kunjo hata moja, na usingeinunua kwa bei ya chapati. Jina ndilo linalobeba bei, na jina hujengwa na watu waliolitaja mara nyingi, kwa miaka mingi, kwa watoto wengi. Wamarekani walimtaja Wagner kwa zaidi ya miaka mia. Sisi tulimtaja Joginder hadi Safari ilipoisha Jumatatu ya Pasaka, tukarudi kazini. Huko Ulaya unaweza kununua kigari cha mfano cha ile Volvo ya 1965, namba yake na kila kitu, ukakiweka kabatini. Wao wamehifadhi gari. Nani atamhifadhi mtu?

Kwa hivyo natoa dai, nami sitalifunika kwa maneno mazuri. Tuchape kadi 50 za Safari. Tusingoje kampuni ya Italia au ya Marekani igundue kwamba tuna soko. Kampuni zinazouza majani ya chai ndani ya nchi hii ziweke kadi moja ndani ya kila pakiti ya robo kilo. Chai imetoka kwenye vilima vile, iturudishie angalau hii. Zisiwe za sigara. Zisiwe za kamari, maana najua hao ndio watakaokuwa wa kwanza kujitolea. Ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na mtoto wa darasa la nne, na nyingine kwa Kikipsigis, kwa Kipunjabi, kwa Kijaluo, ili kila nyumba ione lugha yake imepanda gari.

Nani awemo? Jaswant awe na kadi yake, kwa sababu mwelekezi husahaulika kabla hata ya kushuka garini. Nowicki na Cliff. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda Safari 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Orie Rogo Manduli, aliyeingia Safari 1974 wakati wanaume wengi hawakutaka hata kumwona mwanamke akiendesha gari la kwenda sokoni. Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne mwaka wa 1994 kwa Subaru, na Ian Duncan aliyeshinda mwaka huo. Mafundi. Waliopima njia. Na namba 50 iwe ya wale waliosukuma: watu watano wa kijijini, miguu ndani ya tope, migongo kwa mpiga picha, bila majina, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Na ili nisionekane nawapa wengine kazi mimi nikikaa, nimeandika ya kwanza. Mchoraji yeyote aniwekee uso upande wa mbele. Upande wa nyuma useme hivi:

Namba 1. JOGINDER SINGH. Alizaliwa Kericho, 1932. Kabla hajawa dereva wa mbio alikuwa fundi, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu walioharibikiwa na magari njiani. Mwaka wa 1965 alishinda Safari na ndugu yake Jaswant, kwa gari lililokwisha kutumiwa na wengine. Akashinda tena 1974 na 1976. Alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Ukitaka kujua ugumu wake, muulize mtu mzima yeyote aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wakati wa masika. Alikuwa Mkenya. Tafuta namba 2: ni ndugu yake.

Hayo ni maneno ya sekunde thelathini. Karatasi yake ni ndogo kuliko risiti ya duka. Tumewahi kugharimia vitu vikubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi: Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya karibu miaka ishirini nje, hatukukosa helikopta, hatukukosa mahema ya wageni, hatukukosa wanasiasa wa kupunga bendera. Watoto waliojipanga kando ya njia kule Naivasha waliona magari yakipita na majina ya madereva wa Ulaya na Japani ubavuni. Wangerudi nyumbani na kadi moja tu mfukoni, wangejua kwamba mbio hizo zilishawahi kuwa na mwenyewe.

Methali yetu inasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao mara 22. Wenye viwanda vya chai, wenye mitambo ya kuchapa, nyinyi wa wizara ya michezo mnaosoma haya kwa siri: tuzo bado hamjaileta, na maandishi ya kadi ya kwanza mnayo hapo juu. Nayatoa bure.